Makazi ya Ushirika kwa Familia Yenye Wenzi Zaidi ya Wawili: Yakupasayo Kuyajua Kabla ya Kulipa Amana

Makazi ya ushirika ni mtaa mdogo ambamo kila kaya ina nyumba yake kamili, yenye jiko na bafu, huku wakazi wote wakichangia jengo la kulia chakula, bustani na karakana. Mpango huu ulianzia Denmark, ambako makazi ya Sættedammen yalifunguliwa mwaka 1972. Nchini Marekani ulitangulia mtaa wa Muir Commons, mjini Davis, California, mwaka 1991.

Watu wazima watatu au wanne waliokubaliana kuishi kama familia moja huvutiwa na makazi haya, kwani mapishi na malezi hugawanywa. Hatuzungumzii hapa ndoa ya mitala, ambayo sheria za Marekani haziitambui, bali uhusiano wa hiari ambao kila mwenzi anaujua na kuuridhia.

Kauli ya kipeperushi kwamba "familia za kila aina zinakaribishwa" haina nguvu ya mkataba. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi katika makazi, pamoja na marekebisho yake, hutaja rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, ulemavu na kuwa na watoto. Idadi ya wenzi haimo. Miji michache imeziba pengo hilo. Oakland, California, ilipitisha mwaka 2024 sheria ndogo inayokataza ubaguzi kwa sababu ya muundo wa familia, makazi yakiwemo.

Kipo pia kikwazo cha mipango miji. Mwaka 1974, katika kesi ya kijiji cha Belle Terre, New York, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu kijiji kuzuia watu zaidi ya wawili wasiohusiana kwa damu, ndoa au kuasili wasiishi nyumba moja. Majimbo ya Oregon na Washington yalibana vizuizi vya namna hiyo mwaka 2021, na Colorado mwaka 2024. Kwingineko, ulizia ofisi ya mipango miji kabla hata ya kuuliza bei.

Kisha omba katiba ya mtaa, kanuni zake na mihtasari ya mikutano ya mwaka uliopita. Tafuta fasili ya "kaya". Je, uanachama ni wa kila mtu mzima, au wa mmiliki na mwenzi mmoja tu? Kura ni moja kwa nyumba au kwa kila mtu? Kanuni ya wageni nayo isomwe kwa makini, kwa maana mwenzi wa tatu asiyeandikwa popote aweza kuhesabiwa mgeni na kutakiwa kuondoka baada ya siku kadhaa. Mihtasari husema yale ambayo wenyeji hawayasemi mezani. Hata hivyo, hudhuria chakula cha pamoja mara mbili au tatu, na ueleze familia yenu ilivyo waziwazi. Kukataliwa mapema kunauma, lakini kukataliwa baada ya kuuza nyumba ya zamani kunaumiza zaidi.

Lililo zito kuliko yote ni hati ya umiliki. Mwenzi aliyetia saini deni la benki bila jina lake kuwamo katika hati anadaiwa mkopo wote, ilhali nyumba si yake. Majina yote yakiandikwa, chagueni namna ya umiliki: upo umiliki wa pamoja ambao fungu la marehemu huwaendea wenzi waliosalia, na upo umiliki wa mafungu, yanayoweza kutofautiana, ambao fungu la kila mmoja hurithiwa kwa wosia wake. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni mbele ya mwanasheria nani alichangia kiasi gani, na atakayeondoka atalipwaje.

Amana ilipwe baada ya hayo, na kwa stakabadhi inayotaja wenzi wote kwa majina, pamoja na masharti ya kurejeshewa fedha endapo mtaa utakataa hata mmoja wao.