Shampeni katika safari za ndege

Shampeni ni mvinyo wenye mapovu unaotoka mkoa wa Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Mwanza, kama kwingineko Tanzania, jina hilo hutumika kwa chupa yoyote inayofunguliwa kwa mlio kwenye harusi au sendofu, hata ikiwa ni juisi ya zabibu isiyo na kileo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, jina ni la mkoa ule peke yake. Mnunuzi atazame neno "Champagne" kwenye lebo, si karatasi ya dhahabu shingoni mwa chupa.

Aina

Zabibu zake kuu ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Mvinyo huchacha mara ya pili ndani ya chupa, na gesi ikikosa pa kutokea hubaki kwenye kinywaji. Shampeni ya kawaida haiuzwi kabla ya miezi 15. Ya mavuno ya mwaka mmoja husubiri miaka 3.

Utamu hutegemea sukari inayoongezwa mwishoni. Brut ina chini ya gramu 12 kwa lita, demi-sec gramu 32 hadi 50. "Extra dry" huwapotosha wengi: jina lamaanisha "kavu zaidi", lakini kwa gramu 12 hadi 17 ni tamu kuliko brut. Aliyezoea soda huiona brut kali; kwa keki ya harusi demi-sec inafaa zaidi. Blanc de blancs hutokana na zabibu nyeupe tu.

Daraja la kwanza

Emirates, inayotua Dar es Salaam, inajulikana kwa kutoa Dom Pérignon, ambayo daima ni ya mavuno ya mwaka mmoja. Singapore Airlines imewahi kutoa pia Krug Grande Cuvée, mchanganyiko wa miaka mingi.

Bei si kila kitu. Kanieneo ya hewa ndani ya ndege hulingana na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400 (Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi), na hewa ni kavu. Pua hupoteza uwezo, utamu hufifia, mapovu hutoka haraka. Blanc de blancs nyepesi yaweza kuonekana chachu tu. Iliyokomaa miaka mingi hustahimili zaidi.

Mwanza

Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilianzisha safari ya kila juma kutoka London hadi Mwanza, lakini abiria waliishia Khartoum. Barua ndizo zilizofika ziwani. Leo Airbus A220 za Air Tanzania zina daraja la biashara lenye viti 12 na la kawaida viti 120, bila daraja la kwanza.