Tanzania: Mlango wa nyuma wa gari unapogonga, chanzo chake ni nini?

Nchini Tanzania, magari aina ya Probox na Noah ni tegemeo la abiria na wafanyabiashara wadogo, hasa katika njia za vijijini ambako mabasi makubwa hayafiki. Mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, kisha huanza maisha ya pili juu ya changarawe na makorongo. Haupiti muda mrefu kabla ya kusikika sauti inayofahamika na kila aliyewahi kuyapanda: mlango wa nyuma unagonga. Dereva mmoja huongeza sauti ya redio, mwingine huukaza mlango kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na safari huendelea.

Hata hivyo, sauti hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa kero ya masikio pekee. Mara nyingi mlango unaogonga ni mlango usiobana, na mlango usiobana huacha upenyo.

Kwa nini upenyo huo ni hatari

Gari lenye umbo la sanduku linapokwenda mbele, hewa iliyo nyuma yake hupungua msukumo. Hali hiyo huvuta vumbi pamoja na moshi wa ekzosi kuelekea mlango wa nyuma. Ikiwa mpira unaouzunguka mlango umechakaa, moshi huingia ndani. Ndani ya moshi huo imo hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba oksijeni ipasavyo. Wanaodhurika kwanza ni wale walioketi nyuma kabisa, na mara nyingi hao ni watoto.

Kutafuta chanzo kwa utaratibu

Sauti ndani ya gari hudanganya. Sehemu ya nyuma ni chumba kitupu kilichozungukwa na mabati, na mlio mdogo hukuzwa humo kama ndani ya ngoma. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuondoa kila kitu kisichofungwa: jeki, spana ya magurudumu, vifaa na mizigo. Tairi la akiba nalo hukaguliwa kama limekazwa. Baada ya hapo gari huendeshwa polepole kwenye barabara ileile mbovu. Si mara chache mlio hukoma hapohapo, na mlango ukawa umesingiziwa.

Mlio ukiendelea, gari husimamishwa na mlango hufungwa. Mtu huusukuma kwa kiganja, kisha huuvuta kwake. Ukicheza, tatizo liko katika namna unavyofungwa. Usipocheza, hugongwa kwa ngumi taratibu sehemu mbalimbali. Mtetemo mwembamba utaonyesha kuwa kilicholegea ni kibao cha namba, waipa ya nyuma, au ubao wa plastiki uliofunika mlango kwa ndani.

Kipimo kingine hakihitaji zaidi ya karatasi. Karatasi huwekwa juu ya mpira wa mlango, mlango ukafungwa, kisha ikavutwa. Ikitoka kwa shida, mpira unabana. Ikiteleza bila kizuizi, mahali hapo ndipo vumbi na moshi hupita. Zoezi hilo hurudiwa kuuzunguka mlango wote.

Marekebisho yasiyo na gharama kubwa

Katika magari mengi, mlango wa nyuma una raba mbili za kuegemea, moja kila upande. Kazi yake ni kuukandamiza mlango ili usitikisike baada ya kufungwa. Raba hizo zikiisha au zikizama, mlango hupata nafasi ya kugonga. Katika baadhi ya magari huzungushwa kwa mkono ili zitokeze zaidi. Pande zote mbili zinapaswa kulingana.

Sehemu ya pili ni kitasa. Kitasa hudaka chuma kidogo kilichopindwa mfano wa herufi U, kilichofungwa kwenye bodi ya gari. Ili kukihakikisha chanzo, chuma hicho huzungushiwa tepu ya umeme tabaka moja au mawili. Mlio ukipungua, mahali pamepatikana. Tepu ni kipimo tu, kwa kuwa itakatika. Dawa yake ni kulegeza bolti za chuma hicho na kukisogeza kidogo upande wa ndani ya gari. Kabla ya kulegeza, mahali kilipokuwa huwekewa alama kwa kalamu. Kisisogezwe kupita kiasi, kwani mlango unaofungwa kwa kubamizwa huharibu kitasa mapema.

Bawaba nazo hukaguliwa mlango ukiwa wazi, kwa kuuinua na kuushusha. Zikicheza, kuzibadilisha au kuzikaza ni kazi ya fundi. Shokapu zinazoushikilia mlango zikidhoofika, mlango unaweza kumwangukia mtu kichwani. Kabla ya kuzifungua, mlango huwekewa nguzo imara.

Mlio ukitoka ndani ya mlango wenyewe, ubao wa plastiki hufunguliwa. Klipu zilizovunjika hubadilishwa, na nyaya au fimbo za kitasa zinazogusa bati huviringishiwa kitambaa kizito au sponji. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango yasizibwe, kwa sababu ndiyo yanayotoa maji. Yakizibwa, kutu huanza kuula mlango kutoka ndani.

Mlango usipokuwa na kosa

Ikiwa yote hayo yamefanyika na sauti bado ipo, uchunguzi hushuka chini ya gari. Raba zinazoning'iniza ekzosi zikikatika, bomba hugonga bodi. Raba za shokapu za magurudumu ya nyuma zikichakaa hutoa mlio unaofanana sana na wa mlango. Bomba la ekzosi lenye tundu lisiahirishwe, kwa sababu moshi hutokea karibu zaidi na abiria.

Baada ya matengenezo, kipimo cha karatasi hurudiwa, na bolti hukaguliwa tena baada ya siku chache za safari. Nayo dalili moja haipaswi kusubiri gereji: abiria wa nyuma wakilalamikia maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, gari lisimamishwe, injini izimwe, na wote washuke kwenye hewa safi. Anayezidiwa au kupoteza fahamu afikishwe hospitalini mara moja.