Shule za watoto wa wageni: kutoka karanga za Nachingwea hadi gesi ya Msimbati

Shule ya kimataifa, kama watu wa Afrika Mashariki wanavyoijua, ni shule inayofuata mtaala usio wa nchi ilipo, na iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wamekuja kufanya kazi kwa muda: wanadiplomasia, madaktari, wahandisi, wamisionari na watumishi wa mashirika ya kimataifa. Wazazi hao husaini mikataba ya miaka michache, kisha huhamia kwingine. Mtoto anayesoma darasa la tatu Dar es Salaam huenda akasoma la tano Jakarta na kumaliza sekondari Geneva. Anahitaji masomo yatakayoendelea pale alipoishia, na cheti kitakachopokelewa na vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Shule za aina hii hufuata kazi. Pwani ya Mtwara, kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, inalidhihirisha jambo hilo, kwa kuwa imepokea wageni kwa vipindi viwili vikubwa: cha karanga na cha gesi.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, miongoni mwa Wazungu walioishi kusini walikuwamo watu wa misheni. Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikto walianzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906. Wengi wao waliishi bila kuoa wala kuolewa, na shule walizojenga zilikuwa za Waafrika. Hali ilibadilika mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliotokana na vita. Mtwara, yenye ghuba ya kina kirefu, ilichaguliwa kuwa bandari ya mpango huo, na reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Mafundi, makarani na wataalamu wa kilimo walikuja kutoka Uingereza, wengine wakiwa na wake na watoto.

Watoto hao walihitaji shule. Huko Kongwa, palipokuwa makao makuu ya mpango, shule ya Wazungu ilifunguliwa mwaka 1948. Mpango wenyewe ulishindwa vibaya: mvua zilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mitambo iliharibika haraka kuliko ilivyotengenezwa. Mwaka 1951 ulisitishwa, na hasara ya pauni milioni 36 ikabaki kwa mlipakodi wa Uingereza. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 pasipo karanga za kutosha kuilisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yake ilifungwa. Shule ya Kongwa iliendelea kwa muda ikiwa ya bweni, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 ikahamishiwa Iringa na kuitwa St Michael's and St George's.

Shule hiyo ilikuwa na majengo mazuri na walimu wazuri, lakini msingi wake ulikuwa rangi. Elimu ya Tanganyika iligawanywa katika mafungu matatu, la Wazungu, la Waasia na la Waafrika, kila moja na shule zake na bajeti yake. Sheria ya kuunganisha shule zote ilianza kutumika Januari 1962, mara baada ya Uhuru, na mfumo uliokuwa umeibeba shule ya Iringa ukaondoka. Majengo yake yakawa sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambako walimu wa Tanzania husomea kazi yao. Nchi haikuwa na sababu ya kuomboleza mabadiliko hayo.

Wageni hawakuisha baada ya Uhuru; waliongezeka na kuwa wa mataifa mengi zaidi. Dar es Salaam ilijaa balozi, wahadhiri na wataalamu kutoka Ulaya, Asia na Amerika. Mwaka 1963 ilianzishwa International School of Tanganyika, maarufu kama IST, ikiwa shule isiyolenga faida na iliyopokea watoto wa taifa lolote. Leo watoto wadogo husoma Upanga na wakubwa Masaki. Mwaka 1969 ilifuata International School Moshi, iliyotokana na mahitaji ya familia za madaktari waliokuja kwa ajili ya hospitali ya KCMC. Baadaye ilifungua tawi Arusha, na mwaka 2019 ikaingia katika umoja wa United World Colleges kwa jina la UWC East Africa.

Wakati huohuo shule za taifa zilishika njia yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, mitihani ya Cambridge iliachwa, na Baraza la Mitihani likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Hatua hizo zilikuwa za haki kwa taifa linalojitegemea. Hata hivyo, kwa mtoto wa daktari aliyetarajia kurudi kwao baada ya miaka miwili, mtaala wa Tanzania haukuwa na daraja la kumvusha. Ndipo mitaala isiyo ya nchi moja ilipopata nafasi.

Mitaala inayotumika zaidi ni miwili. Wa kwanza ni wa Cambridge, wenye asili ya Uingereza. Mwanafunzi hufanya mitihani ya IGCSE akiwa na umri wa takriban miaka 16, kisha huchagua masomo matatu au manne kwa kiwango cha juu, kinachokaribiana na kidato cha tano na cha sita. Mtaala huu humfaa anayejua mapema anachotaka kusomea.

Wa pili ni wa Bakalorea ya Kimataifa, yaani IB, taasisi iliyoundwa Geneva mwaka 1968. IB ina programu ya msingi, ya miaka ya kati na ya diploma, na IST huzifundisha zote tatu. Katika diploma, inayochukua miaka miwili, mwanafunzi husoma masomo sita: fasihi ya lugha yake, lugha ya pili, somo la jamii kama historia au uchumi, sayansi, hisabati, na sanaa au somo jingine badala yake. Kwa kawaida matatu huwa ya kiwango cha juu na matatu ya kiwango cha kawaida, na kila moja hupewa alama kuanzia 1 hadi 7.

Juu ya masomo hayo kuna mambo matatu ya lazima. La kwanza ni Nadharia ya Maarifa, inayomfundisha kijana kuhoji namna watu wanavyojua wanachodai kujua. La pili ni insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. La tatu ni ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Katika shule ya Moshi, sehemu ya mazoezi imekuwa kuupanda Mlima Kilimanjaro. Nadharia na insha huongeza hadi alama 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 45, na kwa kawaida anayepata chini ya 24 hapati diploma.

Tanzania haikuwa mpokeaji tu wa mitaala hii. Karibu na mwaka 1980 walimu wa shule za kimataifa walikutana Moshi kujadili mahitaji ya wanafunzi wa miaka ya kati, ambao tayari wameaga utoto na hawajafikia diploma. Mjadala huo ulikuwa miongoni mwa chimbuko la programu ya miaka ya kati, iliyozinduliwa mwaka 1994 na sasa inafundishwa duniani kote.

Mtwara imerudi kupokea wageni. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati, mwaka 1982, na ikaanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2006. Kuanzia mwaka 2010 gesi zaidi iligunduliwa kwenye bahari ya kina kirefu, na bandari ya Mtwara ikahudumia meli za utafiti. Mwaka 2015 kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba na bomba la kwenda Dar es Salaam vilianza kazi, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa.

Pamoja na hayo, mji haujapata shule ya kimataifa yenye ukubwa wa zile za Dar es Salaam na Moshi. Sababu inaeleweka. Mitambo ya gesi huhitaji wafanyakazi wengi wakati wa ujenzi na wachache baada ya hapo. Wahandisi wengi wa sekta hiyo duniani hufanya kazi kwa zamu, wiki kadhaa kazini na wiki kadhaa nyumbani, huku familia zikibaki kwao. Anayekuja na watoto anaweza kuwaacha Dar es Salaam, kuwapeleka bweni, au kuwasomesha nyumbani kwa intaneti. Shule yenye maabara, maktaba na walimu wa masomo yote haiwezi kusimama kwa watoto wachache wanaobadilika kila mwaka.

Kwa hiyo shule ya namna hiyo ikijengwa Mtwara, itadumu ikiwa tu itakuwa pia ya watoto wa huko: wa wafanyabiashara wa korosho, wa watumishi wa bandari, wa wahadhiri na madaktari wa mji. Ada kubwa ndiyo kikwazo cha kwanza, na nafasi za ufadhili zinapaswa kupangwa tangu mwanzo. Kiswahili nacho kina mahali pake, kwani IB inakitahini kama lugha. Mtoto wa mgeni akijifunza lugha ya jirani zake, na mtoto wa mtaa wa Shangani mjini Mtwara au wa Msimbati akipata maabara na maktaba zilezile, shule hiyo itakuwa na wanafunzi hata mikataba ya gesi itakapokwisha.