Bei ya Kununulia Siyo Gharama Kamili ya Bidhaa

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaoagiza bidhaa nje ya nchi hupanga bei ya kuuzia kwa kutazama ankara ya muuzaji peke yake. Nauli ya shehena na ushuru wa forodha huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, au husahaulika kabisa. Matokeo yake ni duka linalouza kila siku huku mtaji ukipungua.

Kanuni ya uhasibu ni kwamba gharama ya bidhaa hujumuisha kila malipo ya lazima yaliyofanyika hadi bidhaa kufika dukani ikiwa tayari kuuzwa. Malipo hayo ni bei ya kununulia, usafirishaji, bima, ushuru wa forodha, upakuaji na ada ya wakala wa forodha.

Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru hukokotolewa juu ya jumla ya bei, bima na nauli hadi bandarini, wala si juu ya bei pekee. Tangu Julai 2022, viwango vikuu vya pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kulingana na aina ya bidhaa.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyeagiza bidhaa 200 kwa Sh 20,000 kila moja, zenye ushuru wa asilimia 25:

Bei ya kununulia: Sh 4,000,000
Nauli na bima hadi bandarini: Sh 400,000
Ushuru wa forodha: Sh 1,100,000
VAT ya asilimia 18: Sh 990,000
Bandari na wakala: Sh 260,000
Lori hadi wilayani: Sh 250,000
Jumla: Sh 7,000,000

Kila bidhaa imemgharimu Sh 35,000. Akiiuza kwa Sh 32,000 akidhani amepata faida ya Sh 12,000, kwa hakika amepoteza Sh 3,000. Mzigo wote ukiisha, Sh 600,000 za mtaji zitakuwa zimetoweka. Ikiwa mtaji huo ni mkopo wa kikundi, marejesho yatakwama.

VAT huingizwa katika gharama pale tu mfanyabiashara asipoweza kurejeshewa. Aliyesajiliwa na mwenye haki ya marejesho huiondoa, na katika mfano huu gharama yake ni Sh 30,050 kwa kila bidhaa.

Mwisho wa mwaka zikibaki bidhaa 60, thamani yake kitabuni ni Sh 2,100,000. Gharama ya zile 140 zilizouzwa ni Sh 4,900,000, na hiyo ndiyo inayotolewa kwenye mauzo ili kupata faida halisi.

Kodi ya pango la duka, mshahara wa muuzaji na usafiri wa kumpelekea mteja si sehemu ya gharama ya bidhaa. Hata faini za kuchelewa kutoa mzigo bandarini huandikwa kando kama matumizi. Hata hivyo, bei ya kuuzia lazima itoshe kuyafidia hayo yote.

Shehena ikiwa na bidhaa mchanganyiko, nauli igawanywe kwa uzito au ujazo wa kila aina, na ushuru ufuate thamani na kiwango cha kila aina.

Wafanyabiashara wanashauriwa kutunza ankara, hati za forodha na risiti za usafirishaji katika jalada moja kwa kila shehena. Wanaohitaji msaada wa ukokotoaji wafike na nyaraka hizo ofisi ya Afisa Biashara wa Halmashauri kabla ya kupanga bei.