Je, Wajua? Farasi wa Mbao wa Lango la Troya

Ukifika kwenye magofu ya Troya, jirani na kijiji cha Tevfikiye kaskazini-magharibi mwa Uturuki, jicho halianzi na kuta za mawe. Linaanza na farasi wa mbao anayepita urefu wa mita 10, mwenye madirisha ubavuni na ngazi ya kuingilia tumboni. Ndiye anayemjulisha mgeni kwamba amefika.

Kwa umri, farasi huyu bado kijana. Alijengwa mwaka 1975 kwa ubunifu wa msanii Mturuki İzzet Senemoğlu. Yule wa kale, ambaye Wagiriki wanasimuliwa kujificha ndani yake ili waingie mjini, hajaacha hata kibanzi. Mwanaakiolojia Heinrich Schliemann alianza kuchimba kilima cha Hisarlık, palipo magofu hayo, mwaka 1870, na uchimbaji umefunua matabaka makuu tisa ya miji, kila mmoja umejengwa juu ya magofu ya uliotangulia. Mawe yamo, vyungu vimo, shaba imo. Farasi hayumo.

Hata kama aliwahi kuwepo, isingekuwa ajabu kumkosa. Unyevu wa mbao ukizidi takriban asilimia 20, kuvu hupata riziki yake. Jua nalo huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti; mbao huwa kijivu, hupasuka, na kila ufa hukaribisha mvua zaidi. Tazama nguzo ya ua nyumbani: huoza kwanza pale inapotokeza ardhini, kwa kuwa hapo maji na hewa hukutana.

Wataalamu wamewaza mengine pia. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, alimhesabu farasi huyo kuwa mtambo wa kubomolea kuta. Wapo wanaomwona kama fumbo la tetemeko la ardhi, maana Poseidon wa Wagiriki alikuwa mungu wa bahari, wa farasi na wa matetemeko. Na tabaka la sita la Troya lina dalili za kutikiswa.

Hadithi yenyewe haimo katika masimulizi ya Iliadi, utenzi wa Homeri kuhusu vita vya Troya, ingawa wengi hudhani imo. Utenzi huo unakoma kabla mji haujaanguka. Homeri anamtaja farasi katika utenzi wake mwingine, Odisea. Leo jina lake limeingia hata kwenye kompyuta: programu haribifu inayojifanya ya manufaa ili ufunguliwe mlango huitwa Trojani.

Tevfikiye sasa ina pia Makumbusho ya Troya, yaliyofunguliwa mwaka 2018, yenye vitu halisi vilivyotoka ardhini. Hata hivyo mtoto akirudi nyumbani, atakachosimulia kwanza ni farasi. Mimi naona ni haki yake. Mawe yanatuonyesha mahali watu walipoishi; farasi anatukumbusha kwa nini tulitaka kupatafuta. Basi fundi anayebadilisha ubao wa farasi huyo uliooza naye ni msimulizi, na zamu yake haiishi.