Wahadhiri wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Moi na Taaluma ya Uanahabari

Makala haya yanabainisha mchango wa wahadhiri wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, katika taaluma ya uanahabari. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1984, na mwaka 1988 kikaanzisha Kitivo cha Sayansi za Habari. Kiswahili nacho kilikuwa na idara yake. Mgawanyo huo ni wa kiusimamizi tu, kwani mtangazaji hupokea taarifa nyingi kwa Kiingereza na kutakiwa kuzisoma kwa Kiswahili punde si punde.

Profesa Nathan Oyori Ogechi ni mfano mwafaka. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha Hamburg mwaka 2002, ilichunguza jinsi Wakenya wanavyochanganya Ekegusii, Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Mwaka 2005 alichapisha makala kuhusu uundaji wa msamiati wa Sheng. Funzo kwa mwanahabari ni kwamba uchanganyaji wa ndimi una kanuni zake. Azijuaye huchanganya kwa kusudi. Asiyezijua huchanganya kwa kukosa neno.

Mwaka 2008, Ogechi, Naomi Luchera Shitemi na Kenneth Inyani Simala walihariri kitabu cha *Nadharia katika Taaluma ya Kiswahili na Lugha za Kiafrika*, kilichotolewa na matbaa ya chuo hicho. Baadaye Simala akawa Katibu Mtendaji wa kwanza wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar. Umuhimu wa kazi kama hiyo ni kuwa nadharia ikielezwa kwa Kiswahili, istilahi zake huzoeleka, na mwanafunzi hufika katika chumba cha habari akiwa na maneno ya kazi yake.

Jambo hili si la wasomi pekee. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili za Kenya. Tuchukue habari za mahakamani. Mshukiwa ni anayedhaniwa kutenda kosa. Mshtakiwa ni aliyefunguliwa mashtaka. Mhalifu ni aliyethibitika kulitenda. Mtangazaji akiyavuruga maneno haya, amemhukumu mtu kabla ya hakimu, na msikilizaji hana njia ya kulitambua kosa hilo.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa uanahabari anahitaji darasa la Kiswahili sawa na anavyohitaji kinasa sauti, na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kukihesabu chumba cha habari kuwa uwanja wake wa utafiti.