Eksteno Ikijitoa, Usimwangalie Mwenzio Vibaya

Siku hizi albamu ya harusi haikai tena kwenye kabati la vyombo sebuleni. Iko ndani ya kiboksi cheusi chenye ukubwa wa Agano Jipya la mfukoni, kile tunachokiita eksteno, yaani hadidiski ya nje. Humo ndimo ilimo sendofu, kicheni pati, ukumbi, na mtoto alivyoanza kutambaa. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Shanwe, Mpanda, na nimeshaona kiboksi hicho kikiwanunisha watu wiki nzima.

Ugomvi wenyewe huwa hivi. Wawili wamejilaza kitandani, laptopu juu ya mapaja, wanaangalia mambo yao. Ghafla kompyuta inalia, picha inaganda, alama ya diski imepotea. "Umegusa nini?" "Mimi? Si wewe umevuta shuka!" Dakika tano baadaye watu wanaulizana mambo ya mwaka juzi. Majirani zangu fulani walifikia mahali bwana akaifungia eksteno kabatini, akidai mkewe ndiye anayeiharibu. Bibie akaniletea huku amenuna: "Shemeji, hebu ipime wewe, maana mwenzangu ameshanihukumu." Niliichomeka kwenye mashine yangu, kwa waya wangu. Ikacheza sendofu saa nzima bila kutetereka. Kimeo kilikuwa waya.

Basi anza na waya kabla hujaanza na mwenzio. Eksteno nyingi zina kile kichwa cha waya kipana na bapa, kama vichwa viwili vilivyounganishwa. Kichwa hicho hakipendi kuning'inia. Ukiiacha diski ielee pembeni ya godoro, kila mtu akijigeuza kinacheza kidogo, na kukatika kwa nukta moja tu kunatosha kompyuta kuona kifaa kimechomolewa. Weka diski na laptopu juu ya kitu kigumu, hata sinia la chai, bora vyote viwili vikae pamoja. Badilisha kitu kimoja kimoja: kwanza waya, halafu tundu la USB, halafu kompyuta. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hutajua mkosaji ni nani. Na ukinunua waya, chukua mfupi na mnene. Ule mrefu mwembamba wa kuchajia simu uachie simu.

Kama waya ni mzima, jua kuna njaa. Ndani ya eksteno ya kawaida kuna sahani inayozungushwa na mota, na chakula chake chote kinapita kwenye tundu la USB. Kwa viwango, tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Mota inapoanza kuzunguka ndipo inapotaka umeme mwingi, na wakati mwingine tundu dogo halifikii. Utasikia diski inanguruma, inazima, inaanza tena. Sasa wewe umechomeka kigawanyo cha USB kisicho na adapta, juu yake kuna mausi, modemu, na simu ya shemeji inachajiwa. Diski itakula nini? Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, au tafuta kigawanyo chenye adapta yake ya ukutani. Wenye kompyuta za mezani, tumieni matundu ya nyuma. Yale ya mbele hupitia waya mwingine ndani ya kasha, na huo nao una vituko vyake.

Hapa kwetu kuna la ziada. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa majenereta ya dizeli, na giza la ghafla tunalijua. Watu hudhani wenye laptopu wako salama kwa sababu ina betri. Kwa eksteno ndogo, sawa. Lakini zile kubwa za mezani zina adapta yake ya volti 12. Umeme ukienda, laptopu inabaki macho, diski inazimika katikati ya kunakili harusi. Ukiwa na diski ya namna hiyo, UPS ni ya diski kwanza, kompyuta baadaye. Wengi wananunua UPS na kuichomekea skrini tu, mimi huwa nacheka.

Kuna na usingizi. Windows ina tabia ya kuzima matundu ya USB ili kubana umeme, na hapo diski inayojitoa ukiwa umekwenda jikoni haina mchawi. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Device Manager, shuka kwenye orodha ya USB. Kwenye kila USB Root Hub tafuta Power Management, uondoe tiki kwenye ile sentensi inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Wenye Mac, kwenye mipangilio ya umeme zimeni ile ya kulaza diski.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo harusi zinapopotelea. Diski ikijitoa wakati inaandikwa, faili huvurugika, hasa iliyofomatiwa kwa exFAT, ambayo haitunzi kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa kama NTFS inavyofanya. Ukiichomeka tena, kompyuta inaweza kuuliza kama unataka kuifomati. Jibu ni hapana! Mara nyingi picha bado zimo, kilichoharibika ni orodha yake tu, na fundi mwenye programu ya kuokoa data anaweza kuzitoa. Ukikubali na kuanza kuandika vitu vipya juu yake, unamfungia njia. Na kama diski inagonga tiki tiki kama saa ya ukutani, chomoa, usijaribu tena. Hapo hakuna waya wa kubadilisha, mashine yenyewe inakufa.

Wale majirani waya mpya uliwatosha. Lakini bibie hakuishia hapo. Alinunua eksteno ya pili, akaniomba nimnakilie kila kitu, akaifunga kwenye kitenge na kumpa wifi yake aliyekuwa anapanda treni ya Tabora, ikae kwa mama mkwe. Bwana aliuliza kwa nini iende kwao na si kwa kina bibie. "Kwa sababu ikipotea huko," akajibiwa, "hutasema ni mimi."